Kofia ya Nne

Gari liliponiangukia, baada ya matanga,
lilikuwa na kofia tatu za magurudumu.
Mbili zake za asili, moja ya gari jingine,
imefungwa kwa waya wa kuanikia nguo.
Gurudumu la nyuma kushoto lilikaa kichwa wazi
uani kwetu Arua, kama mtu aliyefika msibani
akakumbuka kuvua.

"Ya nne ilidondoka shimoni," Ondoga aliniambia,
"njia ya Koboko, usiku, mvua."
Nikamuuliza shimo gani.
Mashimo ni mengi, mke wangu.
Hilo nalo lilikuwa kweli.

Miaka saba. Nikaacha kuuliza.
Kofia ya gurudumu haivuti mzigo,
haishiki kitu. Inafunika nati tu,
zisionekane zimekula kutu kiasi gani.

Jumanne nikapakia magunia tisa ya simsim.
Afeku akaendesha; leseni mimi bado naiota.
Tulipopita Nyadri kiti kikaanza kutetemeka chini yangu.
"Ni barabara," Afeku akasema.
Lakini tulikuwa kwenye lami.
Kisha go, go, go,
kama mtu anayebisha hodi kutoka chini.
Akasimamisha. Akapiga goti. Akasonya.
Nati nne zimekwenda. Mbili zimebaki,
nazo unazizungusha kwa vidole kama vifuniko vya soda.
Spana ya magurudumu? Haikuwepo.
Ondoga alisema iliibwa.

Nyumba ya karibu ilikuwa na ua uliofagiwa,
mihogo imeanikwa juu ya mwamba,
na kuku watatu wakinywa maji
katika sahani ya chuma inayong'aa.

Ule mkwaruzo niliuchora mwenyewe
nikirudi kinyumenyume kwenye lango la kanisa,
siku moja pekee aliyonifundisha kuendesha.

Sikusema kitu. Kuku walikunywa.
Mwanamke akatoka akifuta mikono kwenye kitenge.
Akalitazama gari kwanza, kisha mimi,
kisha nywele zangu, zilizoanza kuota baada ya kunyolewa.
Zake zilikuwa za urefu uleule.

Hatukuulizana majina.
Aliingia ndani, akatoka na spana ya msalaba,
mkono wake mmoja umeviringishwa mpira wa tyubu,
kama Ondoga alivyoviringisha kila kitu,
hadi kisu changu cha jikoni.

Mtoto wa miaka sita hivi akalizunguka gari.
Akauinua mlango wa nyuma kidogo,
akaupiga teke chini, upande wa kushoto.
Ukafunguka.
Mlango ule haumfungukii mgeni.

Afeku alikuwa anahesabu.
"Haya matatu kila moja litoe nati moja,
yampe mwenzao. Yote yatabaki na tano tano.
Tutafika, mama, taratibu."
Jeki, jasho, chuma kikilia.
Mwanamke alizipokea nati kiganjani,
akazipangusa kutu moja baada ya nyingine,
akanipa. Nami nikampa Afeku.
Kazi ile haikuhitaji watu wawili.

Ilipokwisha akaenda kumwaga maji, kuku wakatawanyika,
akaninyoshea ile kofia kwa mikono miwili.
Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoikumbuka.
Usoni mwake niliona amejiandaa kwa matusi,
pengine tangu siku ya mazishi,
ambayo aliisikia kwa watu.

"Waachie kuku," nikasema.

Spana niliondoka nayo.
Hakuikatalia.

Mtoto alitukimbilia hadi kwenye lami,
akabaki kavimba kwa vumbi, mkono juu.
Kilomita ya kumi Afeku akasimama,
akakaza tena, gurudumu kwa gurudumu.
Nikamuuliza kama zimelegea.
"Hazijalegea," akasema, "lakini nati ya kuazima
huchukua muda kuizoea boliti."
Akanirudishia spana. Nikaiweka mapajani,
upande wenye mpira, na tukaendelea.