Mkanda wa Kahawia

Mpira, niseme kweli, umenishinda kuupenda.
Jumamosi Mkwakwani watu wakipiga kelele
mimi nawatazama mabeki wanavyosimama:
magoti yamenyooka kama milingoti ya bendera,
uzito wote kisiginoni.
Namwambia Semhando, "Yule atapitwa."
Anapitwa. Semhando haniangalii.
Anasema mimi ni mtu wa kuharibu starehe.

Miaka kumi na minne sasa, ukumbi wa shule
nyuma ya Barabara ya Nane, Jumanne na Alhamisi,
tunafagia kwanza kinyesi cha popo,
ndipo tunainamiana.
Tupo sita. Tulikuwa thelathini
mwaka ule banda la video lilipofunguliwa Makorora,
kila kijana akitaka kuruka juu ya paa.
Wakakuta wiki tatu za mwanzo ni kusimama.
Kusimama tu.
Wakarudi kwenye video.

Ngumi za ulingoni nazipenda, ila kengele inanikera:
nani mtaani atakugongea kengele?
Mieleka ya runinga nimemwachia mama mkwe,
anayewajua wale mabwana kwa majina na kwa koo,
na akianza kumshauri mtu akabe shingo
sisi tunasogeza vikombe.
Kuogelea, mimi na bahari tunaheshimiana kwa mbali.
Baiskeli Tanga si mchezo, ni viatu.

Mchezo ninaouhusudu ni rede.
Cheka. Halafu nenda Chumbageni saa kumi na moja jioni
umwone Mwanakombo, binti wa Mhina, miaka tisa,
kati ya warushaji wawili,
chupa mbele yake, mchanga kiganjani.
Mpira wa soksi unakuja,
bega linapisha kama mwenye nyumba aliyefunzwa adabu,
na mkono haujaacha kujaza chupa.
Hajui neno hata moja la Kijapani.
Bega lile mimi nalitafuta tangu nina nywele.

Nilimwomba anifundishe. Akanikagua goti.
"Wewe unautazama mpira," akasema.
"Usiutazame. Tazama kwapa la anayerusha."
Nikaandika kwenye daftari, chini ya tarehe.

Na hili sasa wenzangu ukumbini hawalijui:
usiku nashona kofia.
Nilianza goti lilipoteguka,
daktari akakataza nisikanyage miezi mitatu.
Mikono haikuambiwa chochote.
Marehemu baba aliacha moja nusu,
sindano ingali imechomekwa,
nikaanzia alipokomea.
Vidole vilivyovunja matofali mawili mbele ya Mkuu wa Wilaya
(la tatu lilikataa, hilo hatulisemi)
vikashindwa na uzi wa shilingi mia mbili.
Ukivuta kwa hasira kitambaa kinakunja uso.
Ukilegeza, tundu linacheka.
Pumzi itoke pamoja na sindano.
Nikajiuliza, haya nimeyasikia wapi?

Semhando aliingia bila hodi akanikuta,
nimevaa miwani ya mama mkwe.
Akakaa. Akaitazama kofia, akanitazama mimi,
akaitazama tena kofia.
"Kichwa changu," akasema, "ni namba ishirini na mbili."

Mwezi ujao kuna mtihani wa mkanda mweusi, Dar.
Kila mwaka upo. Kila mwaka nina sababu:
msiba, nauli, goti, mvua.
Safari hii sababu ni kofia ya Semhando,
imebaki safu nne,
na Mwanakombo kaniahidi
nikikwepa mara kumi mfululizo
nitaruhusiwa kushika chupa.