Mistari Mitano

Nyevu alizitoa skrubu nne,
akaziweka kwenye kifuniko cha kopo la samli,
akalibandua bavu la kompyuta ya mjukuu wangu.
Likatoka vumbi la Kongowea, na mende mmoja mkavu.
"Njoo uchungulie, Karani."
Bado waniita hivyo. Kazi ilikwisha, jina likabaki.

Nilitaraji kuona kitu chenye akili,
kwani ndicho hiki, au babu yake,
kilichoingia ofisini kwetu Kilindini ndani ya boksi,
kikapewa meza yangu, kiti changu,
na pangaboi iliyokuwa ikinipepea mimi.

Nikaona kibao cha kijani,
njia za shaba nyembamba kama hina
iliyopakwa na fundi asiye na haraka.

"Ubongo u wapi?"
Akanionyesha kigae chini ya feni,
hakizidi stempu ya barua.
"Na chajua nini?"
"Hakijui kitu, Karani.
Stima ipo, ama stima haipo.
Ipo ni moja. Haipo ni sifuri. Basi."

Basi?
Nilicheka hata muuza viazi karai nje akageuka.
Mimi niliyehesabu kahawa, mabati, mitumba,
niliyelijua kwa jicho gunia lililotiwa maji lizidi uzito,
na kuli yupi hupita mara mbili na mzigo mmoja,
nimeng'olewa na kitu kisichofika hata mbili!

"Lakini kina mbio," akasema, akipuliza vumbi.
"Chukua, jumlisha, weka.
Chukua, linganisha, weka.
Mara milioni elfu kabla hujapepesa,
na hakiulizi ni za nini."
Nikamwambia: hiyo si akili, huo ni utumwa.
Akasema: ndiyo maana walikipenda.

Kisha akachomoa ufito mwembamba.
"Hii ni meza. Kazi ya sasa hukaa hapa;
stima ikikatika, meza hupanguswa.
Ghala ni lile kule, diski.
Kilichotiwa ghalani hubaki.
Insha ya mjukuu wako iliachwa mezani."

Nikaikumbuka meza yangu, Ijumaa ile:
kikombe, rula ya mbao, daftari la kurasa za kaboni.
Jumatatu ilikuwa imepanguswa.
Mpaka leo sijui nani alikwenda na rula.

"Haya, nionyeshe hesabu za huyu wa moja na sifuri."
Akageuza risiti, akaandika.
Nafasi ya kulia ni moja, ya pili yake ni mbili,
kisha nne, kisha nane, kisha kumi na sita,
kila mmoja maradufu ya jirani.
"Penye moja, hesabu. Penye sifuri, ruka."
Akapiga mistari mitano:
11111

Daftarini mwangu mistari mitano ni magunia matano,
minne imesimama, wa tano umeilalia kama mlevi.
Hapa nikajumlisha kwa vidole:
thelathini na moja.

Nikanyamaza.
Hakuna aliyemwambia Nyevu miaka yangu ya bandarini.

"Na ukiongeza moja?"
"Nafasi imejaa. Hugeuka sifuri, ziada yasukumwa kwa jirani,
jirani naye kajaa, asukuma, hivyo hivyo mpaka mwisho."
100000
Mitano yote chini,
na moja mgeni mbele kabisa, peke yake.
Mwaka ule sikupewa.

Ule ufito akausugua meno yake
kwa kifutio cha penseli, kifutio hasa cha shule,
akaurudisha. Feni ikakoroma. Taa ikawaka.
"Kumbukumbu ilishika uchafu tu. Mia nane."

Nikalipa, nikaomba risiti.
Akaanza kuniandikia nyingine.
La, nikasema. Hiyo hiyo, yenye mistari.