Maganda ya Alizeti

Pale Kutaisi, katika sinema iliyokuwa nyuma ya soko la jibini,
Tsiala alikuwa na mizani yake.
Hakusoma magazeti. Hakuuliza nani kaongoza, nani katuzwa.
Alingoja taa ziwake, watu watoke wakipiga chafya za baridi,
kisha akashika ufagio,
akapima maganda ya alizeti chini ya viti.

"Mara ya kwanza si ushahidi," aliniambia,
mimi kijana wa kubeba mikanda, mikono ikinuka mafuta ya mashine.
"Mara ya kwanza kila mtu ni mgeni, na mgeni hula kwa adabu.
Niletee usiku wa tatu."

Usiku wa tatu ndipo filamu huvuliwa koti.
Ile ya mpelelezi, iliyojaza ukumbi hadi ngazini,
iliacha ndoo mbili na nusu.
Walishamjua muuaji; wakabaki kutafuna,
kra, kra, kama panya ghalani,
wakingoja kitu walichokwisha kukipokea.
Ile ya vita, yenye vifaru sitini: ndoo moja, na kiatu cha mtoto.
Ile ya kuchekesha, ya bwana mnene na ngazi yake,
hapo Tsiala alisita. Maganda tele, lakini yamerushwa mbali,
yametapakaa mpaka chini ya pazia.
"Haya ni ya kicheko," akasema. "Yahesabu nusu."

Otari, fundi wa mtambo, alimbishia miaka yote.
Kwake yeye filamu njema ni ile iliyomsahaulisha
kale kadoa kanakomulika pembeni ya picha
kumwambia: badili mkanda.
Kwa hesabu hiyo, filamu bora za Otari
ndizo zilizokatika katikati,
ukumbi mzima ukampigia miluzi gizani.

Walikubaliana juu ya moja tu.
Filamu ya kituo cha treni, ambayo huwezi hata kumsimulia mtu:
mvulana anatoroka kwao, mama anapasha supu,
supu inapoa, anaipasha tena.
Usiku wa kumi na moja Tsiala alifagia safu zote,
akapanda hadi chumba cha mtambo na maganda kiganjani.
Kiganja kimoja.
Akamwonyesha Otari, kama mtu aonyeshaye
jino la kwanza la mwanawe lililong'oka.

Nimeiona tena juzi, ukutani kwa binti yangu,
Manana akisinzia begani pangu.
Zamani nilikimbia na yule mvulana, taruma kwa taruma.
Nilipooa nikabaki jikoni na mama.
Sasa namtazama mkuu wa kituo,
kofia imempwaya, ana neno moja filamu nzima:
"Imeondoka."
Kisha anasimama tu, hajui mikono aiweke wapi.
Miaka arobaini alikuwa pale.
Nilimbeba ngazini, ndani ya mkebe, mara ngapi sijui.

Binti yangu akawasha taa.
Nikafungua ngumi:
alizeti zilezile nilizochota mwanzoni,
nzima, zina joto, zimelowa jasho.