Mafiga

Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa,
mawe yamekaa duara, goti kwa goti,
kama watu waliositisha kikao
wakimsubiri mmoja aliyekwenda haja.

Nimeyahesabu kwa kidole, kisha kwa fimbo:
arobaini na moja mara ya kwanza,
arobaini na tatu nilipozunguka kinyume.
Mbuzi mweupe alipanda juu ya moja
akanitazama kama karani wa mnada.

Wageni huja na kamba na kalamu,
hupima, huandika, hunywa maji yao ya chupa.
Huuliza: walikwenda wapi?
Lesikari hujibu, "Hatujui,"
na kwa mara moja maishani mwake hasemi uongo.

Mifereji yao ingalipo, mikavu,
imejichora mteremkoni kama mistari ya kiganja.
Mvua ikinyesha juu ya genge, maji huikumbuka njia,
hujaribu, hatua kumi, ishirini,
halafu mchanga huyanywa.

Upande wa kaskazini duara lina pengo.
Si la mlango, mlango unatazama Kerimasi.
Ni pengo la jino lililong'olewa.
Nilipiga magoti. Mashimo matatu,
mabakuli ya vumbi na siafu.
Nikatia mkono katika la kwanza
na kiganja kikajua kabla yangu:
mgongo uliopinda, bega moja limeshuka,
umbo ninalolipangusa majivu kila asubuhi
tangu nina miaka sita.

Mama, mafiga uliyatoa wapi?

Nalepo hakuacha kukoroga.
"Nilikuwa na mimba yako, mvua inakuja,
na mawe ya mtoni hupasuka motoni.
Yale yalikuwa yameshazoea.
Nilipoyabingirisha, upande wa chini
yalikuwa meusi tayari."

Usiku ule nilikusudia kurudisha japo moja.
Lakini figa moja haliinjiki chungu,
na mawili humwaga.
Nikakaa nikiutazama moto
ukipaka masizi juu ya masizi,
yetu juu ya yao,
nikatafuta mpaka kwa ukucha, sikuuona.

Kesho wageni watarudi na kamba zao.
Wakiuliza tena walikwenda wapi
nitawaambia wavute vigoda,
uji unakaribia kuiva.