Ndevu za Shamis Zahor

Ndevu zake zote nilizibandika mimi:
za kadhi, za mchuuzi wa ngamia,
za baba anayekufa sehemu ya tatu
ili ugomvi wa mirathi uanze ya nne.
Kidevu chake mwenyewe kilikuwa yai.
Gundi, nywele za mbuzi, spiriti ya kubandulia,
naye kafumba macho kwenye kiti cha chuma, Ruwi.

Alikuja sabini na tatu na koti la kuazima,
Kiarabu chake kikichechemea mguu mmoja.
Wenziwe wakamcheka.
Basi akajifungia kwenye Datsun yake, vioo juu,
joto nyuzi arobaini na tano,
akiikoroma ile herufi ya kooni
hata polisi akagonga: Umekabwa?
Hapana, bwana. Nasoma.

Nafasi yake ya kwanza, maiti.
Dakika ishirini kalala jukwaani, ukumbi wa skuli,
nzi akamtembelea mdomoni, hakutikisika.
Baadaye Kuwait, Doha, na tuzo ya kioo
ambayo Bi Thuraya aliitilia vijiko.

Lakini watu humtaja kwa filamu ile ya falaji.
Anaambiwa limeporomoka, mwanawe yumo ndani.
Mistari sita ilikuwa imeandikwa, fasaha, ya kupendeza.
Akafungua mdomo
na Kiarabu chote kikamtoroka.
Mwanangu we! Nani kakwambia uende?
Nani kakutuma, mwanangu?

Mwongozaji hakusema kata.
Gazeti moja likasifu
"lahaja adimu ya watu wa milimani."
Siku tatu tulicheka, mimi na yeye.
Siku ya tatu alikuwa kashika ubavu, kainama,
nikaona kumbe hacheki.
Sikumuuliza. Yuko mtoto waliyemzika Wete,
hilo nalijua,
na gundi ilikuwa bado haijakauka.

Jana nimemkuta Al-Khoud, duka kubwa lile,
anabonyeza mbatata moja moja.
Kidevu kitupu. Hakuna aliyegeuka.
Kijana wa malipo, macho kwenye mashine:
Mfuko, mzee?
Tia, akasema,
kwa sauti ile ya kadhi anayehukumu.

Kijana akainua kichwa.
Akamtazama, akautafuta uso,
akaukosa.
Shamis akanikonyeza,
akachukua mbatata zake.