Saa ya Kurudi

Mizani ninayoijua mimi ina ndoano.
Inaning'inia kwenye boriti ya baraza, hapa Kilembe,
na usiku huu inalalama kila nikiitundikia gunia:
kilo kumi na nane, basi. Haiongezwi hata chumvi.
Mbusa anang'ang'ania sufuria ya pili.
Namuuliza, hiyo utaibeba kwa mgongo wa nani?

Kiswahili changu ni cha mgodini. Baba alikipandisha
kutoka chini ya ardhi pamoja na vumbi la shaba,
akakitandaza mezani, tukala nacho maharage.
Jumapili aliwabebea watu mizigo hadi penye theluji,
na akaniachia daftari lenye jalada la nguo.

Tunapanda saba alfajiri.
Wageni ni wawili, mtu na dada yake, kutoka Jinja,
wana viatu vipya vinavyonukia duka.
Nimewagawia mabuti ya mpira.
Kagoya akacheka: "Tunakwenda kulima mpunga?"
Karibu na hivyo. Baada ya kambi ya pili kuna bonde
ambalo tope lake lina kina kimoja tu: goti,
na kingine goti, na tena goti,
shairi la kutwa nzima lisilobadili kina.

Nimeshahesabu. Mchele. Unga wa muhogo. Kamba mbili.
Viberiti ndani ya chupa ya dawa.
Soksi kavu, ambazo ni haramu kuzivaa kabla ya kulala.
Siku ya kwanza mianzi;
ya pili miti yenye ndevu ndefu kuliko za babu zetu;
ya tatu lobelia, zimesimama ukunguni kama watu
waliosahau walichokuja kusema.
Siku ya nne sina la kuandika ila mwamba.

Baba aliandika: kutoka mwambani hadi barafu, nusu saa.
Nikakata, nikaandika saa moja.
Mwaka jana nikakata tena: saa moja na robo.
Barafu inarudi nyuma kama mdaiwa
aliyemwona mwenye duka kwa mbali,
na mimi kila msimu naifuata na kalamu.

Lakini kuna mwaka niliopanga kila kitu,
hadi sindano ya kushonea hema,
nikasahau mstari mmoja.
Mgeni alisema, bado kidogo. Ukungu ukasema, bado kidogo.
Saa sita, saa saba, kileleni hatujafika,
na glavu za Thembo, mdogo wangu, zilikuwa mikononi mwa mgeni.
Vidole viwili vilibaki hospitalini.
Kwa vinane ndiye anayefunga mizigo usiku huu,
na fundo la Thembo halijawahi kulegea njiani.
Hajanilaumu. Ningependa anilaumu, mara moja tu,
tumalize.

Kwa hiyo siku hizi naanzia mwisho.
Kabla ya mchele, kabla ya majina, ukurasa ungali mtupu,
naandika: saa nne asubuhi tunageuka, popote tulipo.
Wageni wanatia sahihi chini yake.
Kagoya ameshika kalamu, hatii.
"Na zikibaki hatua kumi?"
Thembo anakaza kamba kwa meno, hainui kichwa:
"Zitakaa hukohuko. Milima haikutani, dada,
wala haihami."

Anatia sahihi ndogo, ya mtu asiyeamini.
Hainisumbui. Miguu itaamini yenyewe siku ya tatu.

Mbusa amerudisha sufuria rafuni kimyakimya,
anadhani sijaona.
Gunia lake ni kumi na saba na nusu.
Nampa chumvi.
Matone yameanza kugonga mabati, machache,
kama mtu anayejaribu mlango.
Nafungua daftari tena. Siku ya kwanza, naongeza: mvua.