Pini za Bibi Sumaku

Kipya hiki, wino wake bado unanuka,
ila wamekizeesha makusudi:
kurasa zina manjano ya chai iliyomwagika,
pembeni mwa jalada wamechora mkunjo
ambao hakuna kidole kilichowahi kuukunja,
na ile bei ya zamani, peni saba,
imekaa juu pale kama jino la bandia.
Mimi nimelipa pauni kumi na moja.

Kijana wa duka, barabara ya Narborough, hapa Leicester,
kavaa fulana ya shujaa aliyekufa mara nne akarudi.
"Hiki kitakukumbusha utoto, mzee."
Nikaitikia. Sikumwambia
kwamba utoto wangu haukuwa na jalada.

Bibi Sumaku! Joho jekundu, buti za manjano,
na nukta nyekundu zimevuka mstari wa shavu
kama mtoto aliyeiba rangi ya midomo ya shangazi.
Zamani hilo lilikuwa kosa la mtambo.
Siku hizi fundi analipwa alikosee.

Sabini na nne, Januari.
Umeme ulikatwa kwa zamu, mitaa ikazimika
kama macho ya mtu anayesinzia.
Tulikaa juu ya kinyozi, Bwana Hallam,
naye ndiye aliyetupa kijitabu, wateja walipokichoka:
bila jalada, bila ukurasa wa mwisho,
kila ukifunua, nywele za Waingereza zinakudondokea mapajani.

Mama alirudi kutoka kiwanda cha soksi
pini zimemganda kwenye sweta kama kunguru wa fedha.
Dada yangu Thuwaiba akazizoa kwa sumaku ya umbo la kwato,
tki, tki, tki,
kisha mshumaa, kisha blanketi moja,
kisha mimi na Kiingereza changu cha kubahatisha.
Shujaa akipigwa ngumi, wameandika sauti kwa herufi nene.
"Hivyo sivyo ngumi inavyolia," Thuwaiba akasema.
Akafuta, akaandika: NDI!
Jambazi akaanguka mtoni: CHUBWI!
Mlango wa chuma: KWACHA!
Mji mzima wa Marekani ukaanza kuvunjika kwa Kiswahili.

Halafu kutu. Wamemwagia kutu mikononi,
nguvu zimemwishia, ananing'inia kwenye dohani la kiwanda
kwa kidole kimoja,
na hapo karatasi imechanika.

Siku tatu hatukulala sawasawa.
Siku ya nne Thuwaiba alichukua bili ya gesi, akaigeuza,
akachora kwa kalamu ya mama:
pini zote za mji zinachomoka kwenye sweta za akina mama,
zinaruka dirishani, zinajipanga, zinakuwa ngazi.
Bibi Sumaku anashuka polepole.
Anaacha buti mlangoni. Analala.
Kesho ana zamu ya asubuhi.

Leo, ndani ya basi namba kumi na nne,
nimeufikia ukurasa wa mwisho. Upo. Haukuchanika.
Anakuja mwanamume mwenye helikopta.
Ndevu zake zimenyolewa vizuri. Anamshika kiuno.
Nimegeuza, nimegeuza tena.
Hakuna hata pini moja.

Nimempigia Thuwaiba, yuko Bradford siku hizi.
Nimemsimulia yote, hadi helikopta.
Kimya.
Nikasikia birika lake linapiga mluzi, haliinuki.
"Ile bili ya gesi," akasema,
"hivi tuliilipa?"